Mashine Iliyotemewa Mate

Kituo cha Afya,
Kahama.
14 Februari 1982

Babu yangu Mabula,

Pfu! Sauti fupi, kavu, kisha kimya cha pumzi mbili, kisha mashine inaguruma. Nina miaka ishirini na sita, na katika kazi yangu nimesikia sauti nyingi, za watu wanaokuja duniani na za wanaoondoka, lakini hiyo ndiyo iliyokaa ndani yangu. Nilikuwa na miaka sita. Bibi alikuwa akinituma nikuletee uji kwenye nyumba ya mashine, kule kwenye mgodi mdogo wa Bwana Harker, nami nilisimama mlangoni kwa sababu ulinikataza kuvuka kizingiti. Ulikuwa umenipa mgongo, umeinama. Pfu! Nikakuuliza unafanya nini. Ukafuta mdomo, ukaniambia, "Naibariki, mke wangu. Mashine nayo hutemewa mate, isije ikafa mikononi mwa watu."

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Sisi wajukuu ulikuwa ukitutemea mate kifuani kila tulipokuwa tunasafiri. Siku nilipokwenda shule ya bweni ulinifanyia hivyo hivyo, na njia nzima ndani ya basi nilikaa nimenyooka, nikijiambia kwamba sasa ni lazima niwake.

Nimetanguliza sauti mbele ya salamu, nisamehe. Shikamoo, Babu. Mfikishie Bibi Mbuke shikamoo yake. Mama yuko Shinyanga, mguu wake umepona, ameanza tena kwenda shamba. Dada Mageni amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina la Bibi, kwa hiyo mwambie Bibi amepata somo, na kwamba somo wake analia kwa nguvu sana. Mimi ni mzima. Je, kile kikohozi ulichokuwa nacho Krismasi kimeisha?

Sasa jambo langu. Kituo chetu kina jenereta ndogo ya dizeli. Haituwashii taa tu. Ndiyo inayovuta maji kutoka kisima kirefu mpaka kwenye tangi, na kutoka hapo yanakwenda wodini, chumba cha kuzalishia, na kwenye mabomba sita ya kijiji. Isipowaka, kinamama wanarudi kwenye lambo, wanachota mahali ng'ombe wanapokanyaga. Mwaka juzi tulizika watu kwa sababu ya maji ya lambo, sitaki kuandika wangapi.

Tangu Novemba ile pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, inayovuta mafuta kutoka kwenye pipa, imekufa. Raba ya ndani imepasuka. Tumeomba kipuri mkoani, tumejibiwa tusubiri. Basi kila asubuhi mwendesha mashine wetu, Mzee Mihayo, anaingiza mpira kwenye pipa na kuvuta dizeli kwa mdomo mpaka ifike, anajaza kopo la lita nne, analipandisha juu ya ukuta, na injini inakunywa kutoka kwenye kopo hilo. Kopo likiisha, anavuta tena. Mara tano, mara sita kwa siku. Nimemkataza. Ananijibu, "Tabibu, wewe shika watu, mimi niachie mashine."

Mwenye duka la vyuma chakavu kule Nyahanga, Mzee Shaaban Akida, anasema anazo pampu za umeme zinazoweza kufanya kazi hiyo. Mimi najua moyo wa mtu una vyumba vinne. Pampu ya mafuta sijui ina vyumba vingapi. Wewe uliishi na mashine miaka kumi na minane. Nichague ipi?

Na jambo moja dogo. Ulipokuwa ukiitemea mate ile ya Bwana Harker, ulikuwa ukisema maneno gani?

Mjukuu wako anayekukumbuka,
Melania


Geita,
kwa mkono wa Katekista Eustace.
21 Machi 1982

Mke wangu mdogo Melania,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imekunjamana kama uso wangu, lakini nimeisoma yote. Unaandika kama mtu anayeungama kwa padri. Punguza, mama. Padri mwenyewe huchoka.

Bibi yako anakusalimu. Anasema umekonda. Nimemwambia barua haina picha, anasema anajua tu. Habari za somo wake zimemfanya avae kitenge kipya siku ya kazi, akazunguka nacho majirani. Mvua ni nzuri. Mihogo imeshika. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja amekufa.

Haya, pampu. Ukifika kwa huyo Shaaban usimuulize kama pampu ni nzuri. Kwake hakuna mbaya. Kwanza angalia betri inayowashia jenereta yenu. Kama ni ya volti kumi na mbili, na pampu iwe ya kumi na mbili. Pampu ya ishirini na nne ukiitia kwenye betri ya kumi na mbili itasinzia, na ile ya kumi na mbili ukiipa ishirini na nne utaisikia harufu yake kabla hujaiona.

Halafu uliza ilikuwa inakunywa nini. Pampu iliyozaliwa kwenye gari la petroli ina raba za petroli. Ukiipa dizeli, raba nyingine huvimba, nyingine huwa kama ugali wa jana. Haitakwambia siku ya kwanza. Itafanya kazi vizuri, utanishukuru, halafu itakufa siku ya harusi.

Tena isiwe na nguvu nyingi. Wasichana wa shule mnapenda kila kitu kiwe cha kwanza darasani. Ubavuni mwa injini ipo pampu kubwa inayorusha mafuta kwenye nozeli. Hiyo ndiyo yenye nguvu. Hii unayotafuta ni ya kuilisha tu. Mtoto hulishwa uji kwa kijiko, hamwagiwi kwa ndoo. Ikisukuma sana itapasua sili, zile raba zinazozuia mafuta, na dizeli itaingia kwenye oili, na hapo injini utaizika.

Ukishaipata, iweke chini, karibu na pipa. Pampu hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Weka chujio mbele yake, mafuta yapite kwenye chujio kabla hayajaingia pampuni, maana mapipa ya siku hizi yana mchanga kama mto. Weka fyuzi. Weka swichi, na mtu akizima injini azime na swichi, la sivyo itaendelea kutapika mafuta mahali pasipotakiwa.

Usinunue bila kuijaribu. Wewe ni tabibu. Hulazi mgonjwa bila kumpima.

Hayo mengine uliyouliza, mihogo nimeshakwambia imeshika.

Mume wako mzee,
Mabula


Kituo cha Afya,
Kahama.
30 Aprili 1982

Babu yangu,

Shikamoo, na asante. Barua yako nimeinakili kwenye daftari langu la wagonjwa, ukurasa wa mwisho, ili niibebe kila mahali. Mama anakusalimu. Somo wa Bibi ameanza kucheka. Mimi ni mzima, nitakueleza jinsi nilivyokuwa karibu kutokuwa mzima.

Nilikwenda Nyahanga kwa basi. Mzee Shaaban alinipokea vizuri kwa sababu nilimtibu mkewe, Bi Mwanaidi, mwaka jana. Akamwaga pampu tatu mezani kama mtu anayewamwagia kuku mtama.

"Chukua hii, binti," akasema. "Hii ilisukuma mafuta ya lori la jeshi mpaka Kampala."

"Ina volti ngapi?"

"Za kutosha."

"Mzee Shaaban, za kutosha ni ngapi?"

Akaigeuza, akafuta vumbi kwa kidole. Ishirini na nne. Akaniangalia upya. "Nani amekufundisha kuuliza hivyo? Mabinti wengine huniuliza kama ina kutu."

"Babu yangu."

"Basi huyo babu yako asije hapa. Atanifungia duka."

Ya pili ilikuwa ya gari dogo la petroli, volti kumi na mbili, inang'aa, nzuri kwa macho. Ya tatu ilitoka kwenye pikapu ya dizeli iliyopinduka, volti kumi na mbili pia, imechubuka upande mmoja na haina skrubu zake. Kuhusu nguvu hakuna aliyejua kitu. Aliniazima zote tatu ili nizijaribu, akasema ni kwa ajili ya Bi Mwanaidi, si kwa ajili ya babu yangu.

Kisha lilitokea lile nililoliogopa. Tarehe kumi na mbili Mzee Mihayo alivuta mafuta, na mafuta yakaja haraka kuliko pumzi yake. Yakashuka kusikostahili. Alikuja kwangu akitembea, akicheka kwa aibu, na ilipofika saa tisa alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Homa, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Nilimlaza siku tisa. Amepona, lakini akipanda ngazi tatu za ofisi anasimama kwenye ya pili, anajifanya anaangalia mawingu.

Siku ya tatu ya ugonjwa wake tangi lilikauka. Wodini kulikuwa na kinamama watatu waliojifungua. Mkunga wetu, Paskazia, alinishikia ndoo tupu mbele ya uso. Nilikwenda kwenye nyumba ya mashine. Najua hatari yake, Babu, nimeisoma kitabuni na siku hiyo ilikuwa imelala kitanda namba tatu. Lakini niliingiza mpira kwenye pipa, nikavuta.

Ilijaa mdomo wangu wote. Niliziba mpira kwa kidole gumba, nikainama, nikatema.

Pfu!

Niliisikia ikitoka kwangu. Fupi, kavu. Halafu kimya cha pumzi mbili, maana mtu aliyetema dizeli hawezi kuvuta pumzi mara moja, koo linakataa. Nilisimama pale na mpira mkononi, na nilichelewa kuiwasha mashine kwa sababu nilikuwa naona mgongo wako ulioinama.

Hukuwa unabariki.

Sikuandikii kukulaumu. Nimelifikiria jambo hili siku kumi na sita, na kila nikilitafuta kosa lako silioni, naona uji ukipoa mikononi mwangu. Nataka kujua mambo mawili tu. Ni miaka mingapi? Na kifua chako kikoje sasa, si cha Krismasi, cha leo?

Melania


Kituo cha Afya,
Kahama.
6 Juni 1982

Babu,

Shikamoo. Wiki tano zimepita. Nimemuuliza dereva wa basi kama barua za Geita zinapotea, amesema hazipotei, zinachoka tu njiani. Natumaini yako inapumzika mahali. Bibi hajambo? Huku sote wazima, Mama amevuna mpunga wa kutosha mwaka huu, anamshukuru Mungu.

Nimezipima pampu. Ile ya lori la jeshi niliiunganisha na betri yetu. Ikazunguka kama mtu anayepanda mlima na mzigo, mafuta yakafika nusu ya mpira, yakakata tamaa. Nimeirudisha. Zilizobaki nilizifungua, nikaitoa raba ya kila moja, nikailaza juu ya karatasi na kuizungushia penseli, kisha nikazitia kwenye chupa za dizeli siku kumi. Nilipozirudisha juu ya karatasi, ile inayong'aa ilikuwa imevuka mstari wake pande zote, imekuwa laini kama sikio. Ile iliyochubuka ilikaa ndani ya mstari wake kama iliyochorwa jana. Nikaifunga tena, nikatafuta skrubu, nikainua mpira mpaka usawa wa injini: inajaza chupa ya soda kabla sijahesabu ishirini, na nikiuziba mpira kwa kidole gumba pampu haigombani na kidole changu, inatulia. Kijiko, si ndoo. Nimeichagua hiyo.

Lakini haijafungwa, kwa sababu Mzee Mihayo amekataa.

Alipoona waya alikaa juu ya pipa. "Tabibu, mashine si redio. Mashine inamjua mtu. Ukiinyima mdomo wa mtu inanuna, inakufa." Nikamwambia mdomo wake ndio uliokuwa ukifa. Akasema, "Nilipokuwa kijana nilipakua kuni kwenye mgodi wa Harker, kule Geita. Palikuwa na mzee mmoja, Mabula. Yule alikuwa akiitemea mate mashine yake kila asubuhi, kwa masikio yangu nilimsikia akiwaambia watu kwamba anaibariki. Mashine za wenzake zilikufa zote. Yake haikufa mpaka mgodi ulipofungwa. Mimi mwenyewe najua kinachotoka ni dizeli, lakini mate ya mtu yamo humo."

Analitaja jina lako kama watu wanavyotaja jina la mtakatifu. Sikumwambia wewe ni nani wangu. Naweza kumwamuru, maana kituo kiko mikononi mwangu, lakini ana umri wa baba yangu, na amesema ukifungwa huo waya yeye anakwenda nyumbani. Kesho asubuhi atavuta tena. Nitamsikia kutoka ofisini.

Tafadhali, Babu. Hatanisikia mimi. Atakusikia wewe.

Melania


Geita,
kwa mkono wa Eustace.
11 Julai 1982

Mke wangu,

Marahaba. Barua zako mbili zilinifikia pamoja, maana Eustace alikuwa safarini.

Huo ni uongo. Zilifika moja moja na nilizisoma moja moja. Ya kwanza niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na bibi yako akailalia wiki nne bila kujua. Au alijua. Yule mwanamke huwa anajua.

Bibi ni mzima. Mbuzi ni wazima. Eustace ananiletea komunyo nyumbani siku hizi, ni mtu mwema.

Nitakwambia mara moja, usiniulize tena. Pale kwa Harker palikuwa na pampu ya mkono ya kuvutia mafuta. Ikavunjika. Bwana Harker akasema kipuri kiko njiani kutoka Nairobi. Miaka minane kipuri kilikuwa njiani. Katika miaka hiyo mdomo wangu ndio uliokuwa kipuri. Nilikuwa mtu mzima, navaa shati lenye jina la mgodi, kijijini wananiita Bwana Mashine, na kila asubuhi nikiinama kunyonya mpira kama ndama. Bibi yako alisikia harufu akadhani ni kazi.

Siku hiyo nikageuka nikakuta macho yako mlangoni na uji mikononi. Ningekwambia nini? Uongo ulikuja wenyewe, tena mtamu. Ulinitazama kama ninayefanya jambo kubwa. Nikaupenda. Nikawaambia na wapakuaji wa kuni. Sikujua uongo una miguu ya kutoka Geita mpaka Kahama. Mke wangu, sikujua utakutangulia huko na kukusubiri.

Sasa msomee Mihayo haya, polepole:

"Mihayo, mimi ndimi Mabula wa mashine ya Harker. Sikuibariki mashine ile hata siku moja. Nilikuwa natema dizeli, kama wewe. Haikufa kwa sababu nilisafisha chujio lake kila Jumamosi na kuibadilishia oili kabla haijaniomba. Wenzangu walivuta kwa mdomo pia, mashine zao zikafa, na wao wakafa. Waliovuta pamoja nami tulikuwa watano, nimebaki peke yangu. Baraka hutemewa mtu, na hutemwa kwa mdomo safi. Huyo tabibu ni mjukuu wangu. Nilimtemea mate kifuani siku alipoondoka kwenda shule, na hayo yalikuwa mate ya kweli. Mwache afunge waya."

Pampu uliyoichagua ndiyo. Nami nisingefikiria penseli. Nimemsomea Bibi sehemu ile mara mbili.

Barua hii nimeiandika siku nne kwa sababu ya jua kali. Kifua changu ni cha zamani kama mimi mwenyewe, usikitafutie dawa. Mihogo tumevuna.

Mabula


Kituo cha Afya,
Kahama.
8 Agosti 1982

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, Mageni hajambo, somo wa Bibi ameota jino. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa mwaka huu wote, na ni kwa sababu yako.

Nilimsomea Mzee Mihayo barua yako kwenye nyumba ya mashine, tumekaa juu ya mapipa, mimi moja yeye moja. Nilipofika kwenye jina lako alivua kofia. Nilipofika kwa wale watano alisema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii mimi namtukuza mtu aliyekuwa anatapika." Nilidhani amekasirika. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na hapo akaacha kucheka akasema, "Lete waya, mjukuu wa Mabula. Lete kabla sijabadili mawazo."

Tuliifunga pamoja. Chini, karibu na pipa. Chujio mbele yake. Fyuzi, swichi. Kopo la ukutani tuliling'oa, Paskazia amepandia maua ndani yake.

Nilimwambia Mzee Mihayo abonyeze yeye. Ikaanza: tik-tik-tik-tik, haraka haraka, kama kuku anayedonoa mtama sakafuni. Tukaona dizeli inapanda kwenye mpira yenyewe, bila mdomo wa mtu, mpaka ikafika juu. Kisha tik ... tik ... tik, polepole. Mzee Mihayo aliinua kidole. "Imeshiba," akasema. Akaiwasha, ikawaka mara ya kwanza.

Maji yalipofika bombani alikwenda akasukutua mdomo, mara tatu, akamwaga. Kisha akaja mbele yangu, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, akanitemea mate kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kulia, akakifunga. Nilibaki nimekifunga kiganja hicho mpaka nilipoitwa wodini.

Asante, Babu. Wabeja sana, Guku. Nimetafuta neno lingine kubwa zaidi, la Kiswahili na la nyumbani, sikulipata. Nakushukuru kwa kijiko na ndoo. Nakushukuru kwa ukweli, maana najua uligharimu kuliko pampu. Nakushukuru hata kwa ule uongo, ndio ulionifanya nikae nimenyooka ndani ya basi.

Lakini mimi nasoma barua kama ninavyosoma wagonjwa. Kanisa liko hatua hamsini kutoka mlangoni kwako, na unaletewa komunyo nyumbani. Jua la Julai halijawahi kumzuia mtu kuandika ukurasa mmoja. Nimekuuliza habari za kifua chako mara mbili: mara moja umenijibu mihogo, na mara moja umekataa dawa kabla sijaitaja. Sijui kama ni dizeli, au vumbi la mgodi, au jambo jingine kabisa ambalo lina tiba. Hakuna anayejua mpaka apige picha na kuiangalia.

Kwa hiyo sikukuuliza tena. Hospitalini Kahama mjini wana mashine ya picha za kifua; nimezungumza na daktari, kitanda kipo kuanzia Ijumaa. Mzee Mihayo ameomba mwenyewe aje kukuchukua. Anaondoka leo asubuhi na lori la mpunga, na barua hii haikupita posta, imo mfukoni mwake. Ukiwa unaisoma, basi yeye amekaa mbele yako, na pengine anaisikiliza pumzi yako kama ninavyoisikiliza yake. Usimwambie habari za mihogo.

Mpaka mtakapofika mashine naiwasha mimi. Nabonyeza swichi, nangoja ishibe.

Lori linarudi Alhamisi. Bibi nilimwandikia wiki mbili zilizopita, Eustace akamsomea wewe ukiwa umelala, na amenijibu. Nguo zako zimekwisha fungwa, ziko ndani ya kikapu nyuma ya mlango.

Melania